Marehemu Amehudhuria Kliniki

Mashuuru
14 Mei 2025

Kwa Mtunza Rekodi wa Kliniki, Kitengela

Assalamu alaikum.

Naitwa Awale Mohamednur, mfanyabiashara wa mifugo hapa Mashuuru. Barua hii ameiandika binti yangu Hibaq, kwa kuwa mimi nilisoma chuo cha Kurani tu. Maneno ni yangu.

Mke wangu, Nurto Warsame, alifariki tarehe 6 Februari mwaka huu nyumbani kwa dada yake Najah, huko Kitengela. Aliamka vizuri, akalalamika kifua, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwenda. Mimi nilikuwa Kiserian na mbuzi, na simu yangu ilikuwa imezima. Kwetu maiti hawekwi. Nilipofika jioni nilikuta udongo.

Simu yake ninayo. Sikutaka laini ikatwe, kwa hiyo huiwekea salio. Mwezi wa tatu uliingia ujumbe: Nurto, usisahau kliniki yako Jumanne. Nikadhani ni makosa. Mwezi wa nne ukaja mwingine, na jana tena: Nurto, usisahau kliniki yako Jumanne 20 Mei. Simu hiyo hukaa ndani ya sanduku la nguo zake, na ikilia, nyumba nzima huligeukia.

Nilipiga nambari yenu. Msichana aliyepokea akasema mambo ya mgonjwa hayazungumzwi kwa simu, niandike. Basi nauliza: mke wangu alikuwa akitibiwa nini kwenu? Kwangu alikuwa akiaga kwamba anakwenda kumwona dada yake. Hakuwahi kuniambia anaumwa. Kama kuna ugonjwa uliomuua, mimi ndiye wa kwanza kustahili kuujua, maana nimelala karibu naye tangu kabla ya barabara yenu kuwekwa lami.

Jibu mpeni dereva wa gari la Mashuuru alishushe katika duka la dawa za mifugo la Amolo.

Awale Mohamednur


Kitengela
19 Mei 2025

Mzee Awale,

Pole sana kwa msiba, na samahani kwa ujumbe uliokuja nyumbani kwako wakati wa matanga. Mimi ndiye mtunza rekodi hapa.

Swali lako siwezi kulijibu. Mgonjwa anachomwambia daktari hubaki kwenye faili, na kifo hakiifungui faili hiyo. Awe ni mume anayeuliza, mzazi au mchungaji, jibu langu ni hilo moja. Najua linasikika kama ukaidi. Lakini kama ungekuwa wewe ndiye uliyelazwa kaburini, ningekulinda vivyo hivyo.

Ujumbe hutumwa na kompyuta yenyewe. Ili niusimamishe nahitaji nakala ya cheti cha kifo. Tafadhali pia uhakikishe ile tarehe uliyoniandikia, kwa sababu katika rekodi zetu mgonjwa huyu alihudhuria kliniki tarehe 22 Aprili na akachukua dawa zake. Yawezekana tulikosea kuingiza. Ukinithibitishia, nitarekebisha.

Wako,
Keziah Njogu


Mashuuru
23 Mei 2025

Dada Keziah,

Barua hii haitoki kwa baba. Ni mimi Hibaq, na hajui kwamba nimeiandika. Anayekuletea ni Naeku, rafiki yangu tuliyesoma naye, ambaye huleta maziwa Kitengela. Ukitaka kunijibu, mpe yeye.

Barua yako ilifika juzi. Mimi ndiye humsomea baba. Nilisoma pole zako, nikasoma habari ya faili, nikasoma habari ya cheti. Ile sentensi ya tarehe 22 Aprili niliiruka. Aliniuliza mbona nimenyamaza katikati. Nikajibu kwamba mwandiko ni mbaya, ilhali barua yako umeipiga kwa mashine.

Aliyehudhuria tarehe 22 Aprili ni mimi. Hata Jumanne hii nimekuja. Nilikaa kwenye benchi mbele ya dirisha lako nikiwa nimevaa jilbabu na nikabu ya mama, ukaita jina lake, nikainuka. Saa hizo barua yako ilikuwa tayari ndani ya gari, inakuja kwetu.

Nilianza kuanguka nikiwa kidato cha tatu. Mara ya kwanza ilikuwa jikoni. Mama alifunga mlango, akanishika kichwa mpaka ikapita, akapangusa sakafu, kisha akasema, "Hili halitoki humu ndani." Huku kwetu msichana anayeanguka husemwa ana jini. Hachumbiwi, na wadogo zake hawachumbiwi, na mimi nina wadogo wawili wa kike. Hata baba hakuambiwa. Mama alisema baba hawezi kuficha kitu usoni, na biashara yake ni kukaa na wanaume kutwa.

Kwa hiyo alikuja kwenu akaandikisha jina lake mwenyewe. Mimi nilikaa pembeni kama mtu aliyemsindikiza. Akamwambia daktari, "Mimi huanguka. Huuma ulimi. Nikiamka sikumbuki kitu." Alikuwa akiyasema huku akinitazama, kuona kama amekosea. Dawa aliandikiwa yeye, nikazimeza mimi. Sijaanguka tena.

Alipofariki zilikuwa zimebaki chache. Mama mdogo Najah akaniambia nivae nguo za marehemu niende. Dirishani hakuna aliyewahi kuniambia nifunue uso. Niliona ni heshima, nikaitumia vibaya.

Harusi yangu na Jeylani imepangwa mwezi wa saba. Sikuombi udanganye kwa ajili yangu. Naomba tu baba asipate barua nyingine yenye tarehe.

Hibaq


Kitengela
27 Mei 2025

Dada Hibaq,

Nimeisoma barua yako, nimeifungia, na hakuna mwingine atakayeisoma.

Nianze na kosa langu. Nilificha ugonjwa nikatoa tarehe, nikijiona nimetenda kazi yangu sawasawa. Sikufikiri kwamba mtu kuonekana tu mlangoni kwetu ni siri kama dawa aliyopewa. Nimemweleza mkubwa wangu kwamba nilikosea, bila kutaja majina. Ujumbe wa simu nimeusimamisha leo, ili ile simu isilie tena nyumbani kwenu.

Sasa kuna jambo lingine, na naomba ulisome umekaa. Nilipofungua faili ili nisimamishe ujumbe, niliona zaidi ya nilichohitaji. Daktari aliandika kwamba mgonjwa ana miaka arobaini na saba na hatarajii kuzaa tena, na kwa sababu hiyo akamchagulia dawa hii. Nilimuuliza Bedan, ambaye ndiye daktari wa Jumanne na Alhamisi, dawa hii ni ya nani na si ya nani. Sikumwambia kwa nini nauliza. Alisema hawezi kumpa msichana anayekaribia kuolewa ikiwa kuna nyingine inayomfaa, kwa sababu huweza kumdhuru mtoto akiwa bado tumboni.

Usiache dawa ghafla, utaanguka. Lakini usiingie kwenye ndoa ukiwa unameza dawa iliyopimwa kwa mwili wa mama yako. Wewe hujawahi kuguswa na daktari hata mara moja, Hibaq. Aliyeandikwa kwenye kadi ile ni mwanamke ambaye hakuwa anaumwa.

Njoo kwa jina lako. Kadi mpya, na hakuna ujumbe wowote utakaotumwa kwa simu yoyote. Watakaoisoma ni Bedan na mimi tu. Nipe ruhusa nimweleze Bedan yaliyobaki.

Keziah


Mashuuru
11 Juni 2025

Madam Keziah,

Ni mimi Awale. Mara hii anayeandika ni Amolo wa dawa za mifugo. Hibaq hajui, na usimwambie.

Ile barua yako ilijaa ukurasa lakini binti alisoma kidogo. Akasema mwandiko ni mbaya. Mimi kusoma sijui lakini kuangalia najua, na hapo hakukuwa na mwandiko, ilikuwa ni mashine. Nikaikunja nikaiweka. Nilingoja Idd ipite, watu wamalize kununua mbuzi, ndio nikaileta kwa Amolo. Akasoma yote. Alipofika kwa ile ya Aprili akavua miwani. Akasema, "Mzee, hapa wanasema mama alikuja kliniki."

(Mimi Amolo nimemwambia hiyo ni kompyuta tu, hata mimi iliwahi kuniandikia ng'ombe wa mtu. Hataki kusikia. Anasema niandike anachosema, niache kuongeza.)

Madam, mimi sikumwona. Walimwosha wanawake, wakamvalisha sanda, watu wa msikiti wakamswalia, wakamzika. Wote wanasema walimzika Nurto. Lakini watu wa msikiti waliona sanda tu. Waliouona uso ni Najah na Hibaq. Hao wawili wanampenda Nurto kuliko vile wananiogopa mimi.

Tuligombana mwezi wa kwanza. Ilikuwa juu ya posa ya Hibaq. Yeye alitaka tungoje, hakusema tungoje nini, na mimi nikawapa watu wa Jeylani jibu bila yeye. Akanyamaza. Nurto akinyamaza ni mbaya kuliko akisema. Akaenda kwa dada yake, na ndio hiyo akafa. Ama ndio hiyo akaniambia amekufa.

Kitu kingine. Jana ilikuwa siku ya ujumbe kuingia. Nimekaa karibu na sanduku kutoka asubuhi, haukuingia. Nani amewaambia mkomeshe? Cheti sijaleta. Mimi nilikuwa naogopa ile simu ikilia. Sasa imenyamaza na naogopa zaidi, kwa sababu mtu aliyekufa hawezi kuja kwa dirisha kusema asiitwe.

Swali langu ni moja. Niko na mke ama sina?

Jumanne ijayo, tarehe 17, ni siku yake kwa hesabu yangu. Nitakuja. Nitakaa nje ya geti. Sitamfanyia kitu. Kama ameamua kuniacha, aniache, lakini aniache nikijua.

Awale


Kitengela
12 Juni 2025

Mzee Awale,

Swali lako mtu yeyote angelijibu kwa neno moja. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi na neno hilo siwezi kuliandika.

Siwezi kukwambia nani alikuja, wala nani hakuja. Hata nikisema hakuna aliyekuja, nitakuwa nimekwambia kitu. Ile tarehe niliikosea kwa kuiandika kabisa, si kwa kuwa ni sahihi au si sahihi. Naona nilichokifanya nyumbani kwako kwa sentensi moja, na sina sentensi nyingine ya kukirudisha.

Hili naweza kusema, kwa sababu halitoki kwenye faili yoyote: waliomwosha wako hai. Waulize, na wakikujibu, jaribu kuwaamini.

Nakuomba usije kukaa getini. Wanaopita pale hawajakukosea, na kila mmoja ana haki ya kuingia kwa daktari bila kutazamwa.

Uliniambia nisimwambie binti yako kwamba umeniandikia. Sitamwambia. Hilo nalo ni lako.

Keziah Njogu


Mashuuru
12 Juni 2025

Dada Keziah,

Baba amejua. Sijui nani alimsomea. Hajaniambia, lakini amejua.

Alianza kwa kuniuliza nani alimwosha mama. Nilimwambia ni mimi na mama mdogo Najah. Akaniuliza maji yalikuwa ya moto au baridi. Vuguvugu, nikasema. Akaniuliza tulianza upande gani, nikamwambia wa kulia, kama inavyotakiwa. Kisha akaniuliza kovu la mama liko mguu upi. Mama alichomwa na uji akiwa mdogo, kovu liko juu ya kifundo cha kushoto. Nikamwambia. Akasema, "Hilo ungelijua hata kama yuko hai." Akatoka nje kuwafungulia mbuzi ambao walikuwa wameshafunguliwa.

Tangu siku hiyo hutaka mama apakuliwe chakula. Mara ya kwanza, baada ya kuswali magharibi, alisogeza sufuria akaniambia, "Mwekee mama yako." Nilidhani anatania, kwa kuwa wao wawili walikuwa watu wa utani sana. Nikacheka. Hakucheka. Wadogo zangu wakanitazama mimi, nikaweka. Sahani ilikaa mkekani mpaka tukalala. Mdogo wangu wa mwisho sasa hataki kwenda uani peke yake. Anasema akienda atakutana na hooyo, ndivyo anavyomwita mama, na hajui amsalimie vipi.

Fikiria nilipo. Nikisema ni mimi niliyevaa zile nguo, itabidi niseme kwa nini, na baba hawezi kuficha. Ataonekana usoni, na watu wa Jeylani wataiona kabla hajafungua mdomo. Nikinyamaza, mama hajafa. Amekuwa mwanamke aliyemkimbia mumewe na kuwasingizia watoto msiba. Mama ambaye alisema "mimi huanguka" ili nisiseme mimi.

Ulisema nije kwa jina langu. Nimefikiri sana, na siwezi kabla ya harusi. Kubadilisha dawa kunahitaji siku, na Bedan atataka nirudi mara kwa mara, na nitasema nakwenda wapi? Nitakuja Jumanne kwa nguo za mama, mara ya mwisho, nichukue dawa za kunifikisha mwezi wa saba. Baada ya hapo nitakuwa kwa mume na nitajua la kufanya. Nisamehe. Usimwambie Bedan bado.

Hibaq


Kitengela
14 Juni 2025

Hibaq,

Usije Jumanne. Njoo Alhamisi, nitakuwepo na dawa zitakuwepo.

Usiniulize sababu. Siwezi kukwambia, kama vile siwezi kumwambia mtu mwingine mambo yako. Nimemsihi Naeku akufikishie barua hii kabla ya Jumatatu.

Alhamisi. Tafadhali.

Keziah


Mashuuru
23 Juni 2025

Dada Keziah,

Ujumbe wako wa Alhamisi nimeupata leo. Ng'ombe wa Naeku alikuwa akizaa vibaya, naye akalala zizini mpaka Jumatano, kisha akaisahau barua yako ndani ya kikapu cha chupa za maziwa. Amekuja kuniomba msamaha hata kabla sijajua kosa lake.

Kwa hiyo nilikuja Jumanne kama nilivyokuwa nimesema. Uliniona. Ulipoita jina la mama sauti yako ilikuwa ndogo, kama mtu anayetaka asisikike, na ukaitazama barabara juu ya kichwa changu. Ukanisukumia dawa bila kuniuliza kitu. Nilidhani umenikasirikia kwa sababu ya barua yangu, na niliondoka nikiwa na huzuni. Sababu yako ya Alhamisi sitaiuliza. Hakuna kibaya kilichotokea.

Tena mambo yamegeuka. Baba alikuwa amekwenda Kajiado siku hiyo kufuata kibali cha kusafirisha mifugo. Alirudi usiku umeshaingia, mikono mitupu, nikamuuliza kibali kiko wapi, akasema foleni ilikuwa ndefu. Alikula. Hakuniambia nipakue sahani ya mama. Alipomaliza alisema, "Wale wa kliniki walikosea. Mama yenu alikufa, Mungu amrehemu." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema mvua imekwisha. Kisha akalia, na mimi sikuwahi kumwona akilia, hata Februari. Tulilia wote mpaka majirani wakaja kuuliza kama tumepata msiba mwingine.

Nadhani ni wewe uliyemwandikia kwamba ni kosa. Najua hupendi kusema uongo, na najua umenifanyia mimi. Asante.

Lakini sasa ameanza lingine. Juzi aliwaita wazee wa upande wa Jeylani akawaambia harusi isogezwe hadi mwaka ujao. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na chai. Mzee mmoja alimuuliza kama ni habari ya mahari. Baba akasema mahari wangeyapunguza hata leo, lakini nyumba hii haijamaliza kuomboleza. Yule mzee akasema kwa kejeli, "Awale, umewahi kuuza mbuzi ukarudi kumwomba?" Watu wakacheka. Baba naye alicheka, akasema yeye huuza mbuzi tu, binti yake hajauzwa. Jeylani amenipigia simu amekasirika. Na mimi nimemkasirikia baba. Aliyetoa jibu haraka mwezi wa kwanza ni yeye, na leo anayechelewesha ni yeye, na hakuna aliyeniuliza mimi nyakati zote mbili.

Nimekasirika siku mbili, halafu leo nimeona kwamba nafasi imepatikana. Sina tena mwezi mmoja, nina mwaka.

Basi nakuja. Tarehe 3 Julai, siku ya Alhamisi, kwa nguo zangu na kitambulisho changu. Mwambie Bedan. Andika Hibaq Awale Mohamednur, na hayo ya kuanguka nitayasema mimi mwenyewe. Nimejaribu kuyasema chumbani kwa sauti ya chini. Yanatoka, ila yanatoka kwa maneno ya mama, kwa kuwa sijawahi kuwa na mengine.

Naomba kitu kimoja. Kadi yake ifungwe, lakini isichanwe.

Hibaq


Kiserian
26 Juni 2025

Kwa madam wa dirisha la rekodi,

Unanijua. Anayeandika hapa hanijui. Ni msichana wa duka la kuchapa karatasi, nimempata sokoni baada ya kuuza, na sijamtajia jina langu wala ninapotoka. Nimemwambia aandike ninachosema na asiulize, na amekubali. Nimejifunza kwako.

Jumanne ile nilikuja. Uliniambia nisije, nikaja. Sikukaa getini. Nilikaa ng'ambo ya barabara, kwa wauza mawe, juu ya rundo la mawe ya kujengea, na watu wakadhani nimekuja kununua. Nilikaa tangu mnafungua.

Nikamwona.

Alishuka kwenye pikipiki. Jilbabu ilikuwa ile ya rangi ya majani makavu, niliyomnunulia mwenyewe. Mwendo ulikuwa wake. Alikunja pindo kwa mkono wa kushoto akaruka mtaro, na mimi nilisimama juu ya yale mawe, madam, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kuliita jina. Sikuwa na hasira. Yale yote niliyopanga kumwambia yaliniruka. Nilitaka tu ageuke.

Alipofika mlangoni akasimama kumpisha mama aliyekuwa akitoka na mtoto mgongoni. Akaegemea mguu mmoja, ule mwingine akauweka juu ya kisigino cha mwenzake. Hivyo ndivyo binti yangu mkubwa husimama akingoja maziwa yachemke. Amesimama hivyo tangu akiwa na umri wa kufika mezani. Mama yake hakuwahi kusimama hivyo.

Nilikaa chini. Mfanyakazi wa mawe aliniuliza kama naumwa, akaniletea maji.

Sasa najua vitu viwili, na vyote vimeniingia kwa mara moja. Mke wangu yuko chini ya udongo. Wengine walimzika Februari. Mimi nilimzika siku ile, pale juu ya mawe, peke yangu, bila wa kuniitikia dua. Lakini kabla ya hapo, kutoka mtaroni hadi mlangoni, nilikuwa na mke. Sikulaumu kwa hilo. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kupewa.

La pili ni kwamba binti yangu anaumwa, na mama yake alijua, na wawili hao walinificha. Sijui ni ugonjwa gani. Ningeweza kumngojea nje nimuulize. Nilimwacha apande pikipiki, nikakaa Kitengela nikizunguka mpaka jua likatua, ili afike nyumbani kabla yangu na avue zile nguo kwa utulivu.

Mama yake alitaka angoje. Sababu yake bado siijui, lakini nimemtii, ingawa nimechelewa. Wazee wamenicheka. Binti amenuna, anagonga sufuria. Agonge. Akae kwangu mpaka apone, au mpaka awe tayari kusema, au mpaka ajue anavyoweza kuishi na ugonjwa huo bila kuvaa nguo za marehemu. Akitaka kuniambia, niko. Asipotaka, mimi sikuwahi kuja Kitengela siku hiyo. Nilikuwa Kajiado kwenye foleni.

Mtibuni vizuri. Sitauliza anaendeleaje, nitamwangalia tu akitembea.

Usinijibu. Barua zangu nimemrudishia yeye kuzisoma, zote, na sitaki akutane na neno ambalo itambidi aliruke.

Ni mimi, unayenijua.